Mbio za Kurudi Palepale

Ukikimbia Dar es Salaam, utaambiwa "pole". Ukikimbia Lushoto, utaambiwa "pole" halafu utaulizwa nani kafa.

Hii pole nimeivumilia miezi kadhaa sasa. Mimi ni mtu wa miaka 49, nina kitambi cha heshima, na daktari wangu ana tabia ya kusoma karatasi ya vipimo, kuvua miwani, kuifuta, kuivaa tena, ndipo aseme. Kwa hiyo nakimbia. Lakini nisimsingizie daktari peke yake. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 na ushei, mtaa wetu uliingiwa na wazimu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano yale! Kesho yake fundi redio alifunga kibanda saa kumi na moja jioni akavaa bukta. Muuza mkaa akanunua raba. Kikundi cha mbio cha mtaani, ambacho hadi siku ile kilikuwa na watu tisa na sufuria moja ya supu, kikawa na watu sitini na sufuria ileile.

Nikajiunga. Nikanunua na saa. Hiyo saa yenyewe, kukwambia ni saa ngapi mpaka uibonyeze mara mbili, lakini mapigo ya moyo wako inayatangaza bila kuulizwa. Ukimaliza kukimbia inapeleka kila kitu kwenye programu ya simu, wanakikundi wenzako wanaona: umekimbia wapi, umbali gani, umesimama mara ngapi. Nilipokuwa kijana mambo ya namna hii yalifanywa na majirani, tena bila malipo.

Basi nikapata likizo ya siku kumi, na mke wangu akasema twende kwao. Mke wangu ni Msambaa. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe; kwetu mlima ni Pugu, na hata Pugu tunaipanda kwa daladala. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliposikia kwamba siku hizi nakimbia, akanitumia ujumbe uliojaa furaha: "Shemeji, njoo na raba! Huku kuna njia nzuri za msituni, hewa safi, hakuna magari. Nyingine ni tambarare kabisa."

Naomba tulijadili hilo neno "tambarare". Kwa Mzaramo, tambarare ni mahali ambapo maji ya mvua yanakaa wiki mbili yakifikiri yaende wapi. Kwa Msambaa, tambarare ni mahali ambapo ukiweka kikombe cha chai chini hakibiringiki mara moja. Kinabiringika baada ya muda.

Ningetakiwa kuelewa hili pale Mombo. Basi linaacha barabara kuu ya kwenda Arusha, linakunja kulia, na katika kilomita 33 za kwenda Lushoto linapanda karibu mita 1,000. Kona moja inafuatwa na kona mama yake. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili hakuna kitu. Unachungulia dirishani unaona vilele vya miti ambavyo kwa haki vilipaswa kuwa juu yako. Abiria wenzangu walikuwa wanamenya machungwa. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na saa yangu ikanipongeza kwa mazoezi mazuri ya moyo.

Asubuhi ya kwanza nilipangiwa kitu chepesi: Irente. Kila anayefika Lushoto huenda Irente. Shemeji akasema ni hapo tu. Nikamuuliza hapo tu ni kilomita ngapi. Akasema, "Ni hapo tu, shemeji, ukitoka mjini unanyoosha." Simu ikasema kilomita sita. Nikapiga hesabu ya kikundi: kilomita sita ni dakika arobaini na tano, hamsini nikijihurumia.

Hapa ndipo ninapotaka kuwashitaki watu wa ramani. Ramani inapima ardhi kama iliyopigwa pasi. Milima ya Usambara hakuna aliyewahi kuipiga pasi. Njia za kijijini kule hazizunguki mlima kama barabara ya basi. Zinaufuata mgongo wa mlima moja kwa moja, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na hasira. Wenye kujua mbio za milimani wana hesabu yao: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita moja zaidi. Hesabu hiyo hakunipa mtu yeyote kabla sijafunga kamba za raba.

Nikaanza saa kumi na mbili na nusu, ukungu umelala barabarani. Hatua mia mbili za kwanza nilikuwa Simbu. Kisha njia ikainuka, nami nikawa mtu mwingine.

Sasa hebu fikiri. Kijijini, alfajiri, mtu mzima anakimbia. Hajavaa kanzu wala koti, amevaa bukta ya kijani, anahema kama mfua vyuma. Katika milima ile mtu mzima hakimbii bila sababu. Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja aliacha ufagio, akaja hadi kwenye ua. "Pole baba! Kuna nini huko?" Nikajaribu kujibu kwamba hakuna kitu, lakini pumzi ilitosha neno moja tu, nikasema, "Mazoezi." Akasikia kitu kingine, sijui alisikia nini, maana alimwita mumewe. Mume akatoka na panga. Akanifuata mbio. Mwanamume wa pili akaona wawili tunakimbia, naye akaingia barabarani. Tulikuwa watu wanne nilipogeuka, mmoja amebeba ndoo ya maji, yaani yeye aliamua kwamba ni moto.

Tulisimama. Nikaeleza. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, kama wanavyosikilizwa wagonjwa. Yule mwenye panga akauliza, "Kwa hiyo unakwenda wapi?"

"Irente."

"Kuna mtu unamfuata Irente?"

"Hapana. Nikifika narudi."

Akatazama panga lake. "Unarudi palepale ulipotoka?"

"Palepale."

Hakusema tena kitu. Mwenye ndoo alinipa maji.

Swali hilo, unakwenda wapi, niliulizwa kila nilipokimbia, na hadi naondoka sikuwahi kulipatia jibu la maana. Kila niliyekutana naye kwenye vijia vile alikuwa na safari. Huyu anakwenda sokoni na karoti, huyu shambani, huyu kwa fundi cherehani, huyu anapeleka mbuzi asiyetaka kwenda. Na wote walikuwa wananipita. Nilipitwa na bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Majani yalikuwa mengi hadi sikumwona bibi mwenyewe, niliona kichaka kinachotembea, kikanisalimia kwa sauti ya bibi, kikapotelea mbele. Nilipitwa na watoto wa shule kundi zima, wamevaa yeboyebo, mmoja anakula muhogo. Wakanipa shikamoo nane mfululizo. Kujibu marahaba nane mlimani si jambo dogo. Nilijibu tatu, nyingine nikapunga mkono.

Irente nilifika baada ya saa moja na robo. Na hapo, nisiwe mtovu wa shukrani, nilinyamaza. Mlima unakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Karibu mita 1,000 chini yako iko nyika: Mazinde, mistari ya mkonge iliyopangwa kama maandishi ya mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, barabara kuu yenye malori madogo kama kunguni, na mbele yake tambarare, tambarare ya kweli, ya Kizaramo, inayokwenda hadi macho yanachoka. Nilitaka kulia. Wageni wawili waliokuwa pale na fimbo zao za kutembelea, kila mtu mbili, walifikiri nimeguswa na uzuri wa mandhari.

Kuhusu kurudi, nilidhani shida imekwisha, kwa sababu kurudi ni kushuka. Hili ni kosa la watu wa pwani. Ukipanda, kinachoumia ni mapafu, na mapafu yanasahau. Ukishuka, misuli ya mapaja inavutwa huku inajikaza kukuzuia usibiringike, na misuli haisahau. Wala haikwambii siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo nilikula makande sahani mbili nikajisifu mbele ya shemeji. Iliniambia kesho yake, na kesho kutwa ikarudia kwa msisitizo.

Nyumbani kwa baba mkwe choo ni cha kuchuchumaa. Kiko uani, kisafi, kina bati jipya na mlango unaofunga. Sina lalamiko lolote kuhusu choo. Nina lalamiko kuhusu binadamu kuumbwa na mapaja. Asubuhi ya pili niliingia nikasimama mbele ya lile tundu kama mtu aliyesimama ukingoni mwa Irente, natazama chini, nawaza. Kuteremka nilifanikiwa kwa kushika ukuta huku nikitaja majina ya Mungu. Kuinuka ikawa habari nyingine. Nilikaa humo muda mrefu hadi mke wangu, mama Salma, akaja kugonga. "Baba Salma, uko salama?" Nikasema niko salama, napumzika. "Unapumzika chooni?" Kwa mbali nikamsikia mama mkwe anauliza kwa Kisambaa, na mke wangu anamjibu, na wote wawili wanakohoa kikohozi ambacho si cha mafua. Mwishowe shemeji alinivuta kwa mkono kupitia mlangoni, yeye akiwa amegeuza uso kutazama migomba. Tangu siku ile sisi ni ndugu.

Baba mkwe hakucheka. Yeye ni mzee wa maneno machache, na hayo machache anayapanga. Jioni tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi, akasogeza kigoda akaniambia, "Mkwe, nimesikia unakimbia."

"Ndiyo, baba."

"Zamani huku alikuja mtu mbio. Unamjua Mbegha?"

Namjua, kila aliyeoa Usambara lazima amjue, maana utasimuliwa hata kama umekuja kuleta barua ya posa. Mbegha alitoka Ngulu. Alizaliwa akaanza kuota meno ya juu, akaitwa kigego, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akatoka kwao na mbwa wake, akawa mwindaji, anapita pori hadi pori akiua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu. Nyama anagawa, naye anapewa chakula. Akaingia milimani hivyohivyo, nguruwe kwa nguruwe, akaua na simba, mpaka Wasambaa wakamfanya mfalme wao na makao yakawa Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika yote haya katika Habari za Wakilindi.

"Basi," mzee akasema, akigeuza kuni, "Mbegha alikuwa anafuata nguruwe. Akapata ufalme. Wewe mkwe unafuata nini?"

Nilifikiri kumweleza habari za shinikizo la damu. Nikaona si saizi ya swali. Nikasema, "Afya, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nyie watu wa nyika," akasema. Kule kwao dunia ina sehemu mbili tu: Shambaai, yaani huko juu wanakoishi watu, na nyika, yaani kwingine kote. Mimi na Dar es Salaam yetu, na bandari yake, na mwendokasi wake, tumo nyikani pamoja na swala.

Nilipumzika siku tatu. Siku ya nne saa ikaanza kunichokoza: hujatimiza lengo lako, hujatimiza lengo lako. Kwenye kikundi fundi redio alikuwa amekimbia kilomita kumi na mbili Coco Beach na kuweka picha. Shemeji akasema sasa twende kwenye msitu wenyewe, Magamba.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 9,000 za msitu ulioko juu ya Lushoto, na vilele vyake vinapita mita 2,000. Unalipia kiingilio, unapewa kijana wa kukuongoza. Mimi nilikuwa na raba zenye meno chini, mfuko wa maji mgongoni wenye mrija unaokuja hadi mdomoni, kofia, na peremende za chumvi. Kijana wetu alikuwa amevaa mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake, na mkononi ana kijiti. Nikamwambia kwa upole, mwanangu, mimi leo nakimbia, usijali ukibaki nyuma. Akasema, "Sawa mzee." Mara ya mwisho kuuona mgongo wake kwa karibu ilikuwa hapo getini. Baada ya hapo nilikuwa nafuata sauti ya mabuti: plap, plap, plap, juu yangu kila mara, haikasiriki wala haichoki.

Ndani ya msitu kuna giza la kijani. Miti imevaa ndevu za kuvumwani, mikulo mikubwa haikumbatiwi na watu wawili, na chini majani yaliyooza ni laini kama godoro la mgeni. Mbega weusi kwa weupe walikuwa juu, wameketi na mikia yao mirefu imening'inia kama mashungi, wananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nilipokwenda kuposa. Kisha hondohondo wakapita juu ya miti, wawili, wanapiga mabawa kwa mshindo kama mtu anayekung'uta mkeka, na sauti yao, samahani, ni kicheko. Wataalamu wa ndege wataniambia siyo. Wataalamu hawakuwapo.

Hapo ndipo saa ilipopotea. Yaani ilikuwa mkononi, lakini ilipotea yenyewe. Miti ikifunga namna ile, mawasiliano ya setilaiti yanayumba, na nilipoitazama ilikuwa imechora njia yangu kama nyuzi za buibui aliyelewa. Kwa maelezo yake nilikuwa nimeruka bonde mara tatu. Nikamuuliza kijana bado kiasi gani. Akasema, "Si mbali, mzee. Hapo tu."

Sisi hatujui kupima, na nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliketi akatoa kanuni ya watembea milimani: kila kilomita tano hesabu saa moja, kila mita 600 za kupanda ongeza saa moja nyingine. Mwaka huohuo Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya pale Tanga, baroni Saint Paul, alikuwa anamtumia baba yake Ulaya ua dogo la zambarau kutoka Usambara hiihii, na leo liko madirishani kwa mabibi wa dunia nzima. Mmoja akapima, mwenzake akachukua, na sisi tukabaki na "hapo tu". Lakini nilipofika nyumbani nikafanya hesabu ya Naismith kwa safari yetu, kilomita 16 na mita 700 za kupanda. Ikatoka saa nne na dakika ishirini na mbili. Hiyo ni kwa mtu anayetembea. Mimi niliyekuwa nakimbia nilitumia saa tano na robo. Kwa hiyo kanuni nayo sina haja nayo.

Sehemu ya muda huo lakini ilikuwa ya siafu, na ile isihesabiwe.

Ilikuwa tumeshatoka msituni, tunashuka kwenye miti ya kupandwa. Mvua ya usiku ilikuwa imeugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Nikasimama nipumue. Watu wa Usambara hawasimami ovyo njiani baada ya mvua bila kutazama chini. Hilo nalo sikuambiwa. Nilikuwa nimesimama katikati ya maandamano. Siafu wana ustaarabu wa kipekee: hawaumi anayefika kwanza. Wanapanda kimya, kila mmoja anatafuta nafasi yake, kama abiria wa daladala la Mbagala, halafu ni kama konda anagonga bati, wote wanauma kwa pamoja.

Sikumbuki kuamua kuvua bukta. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeishika mkononi naipiga kwenye mti, na shati nimelivuta chini kwa mkono wa pili, narukaruka, nilipoona kina mama sita wanapandisha njia na mizigo ya kuni. Ni wanawake waungwana. Wote sita waligeuka wakatazama mti mmoja, kwa makini, kana kwamba wameagizwa kuununua. Mmoja wao, bila kugeuka, akasema, "Pole, baba Salma."

Sikumjua. Lakini alijua jina la binti yangu.

Kijana wa mabuti ndiye aliyenieleza baadaye kwamba yule ni mama mdogo wa mke wangu. Kwa maneno mengine, mkwe wangu. Yaani katika milima yote ile na siafu wote wale.

Niliomba kitu kimoja tu: nifike nyumbani kabla yake, nimweleze mke wangu mimi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika likizo ile nilikuwa nakwenda mahali. Miguu ikakataa. Na bodaboda aliyekuwa ananifuata tangu barabarani, polepole, gia ya kwanza, kama gari la msiba, akasema kwa mara ya nne, "Mzee, elfu moja tu nakufikisha." Mara tatu nilikuwa nimemjibu kwamba nafanya mazoezi. Mara ya nne nilipanda.

Haikusaidia. Nilipoteremka mlangoni, mama mkwe alikuwa ameinamia sufuria, mabega yanatetemeka, na mama Salma alikuwa ameniwekea tayari beseni la maji ya chumvi kwa ajili ya majeraha. Ile habari ilishuka kwa njia gani, na kina mama walikuwa wanapanda, sijui. Lakini Simbu angekimbia nayo, ingemshinda kwa zaidi ya sekunde 0.03.

Usiku simu ikaanza kuita. Kumbe saa sikuizima. Ilikuwa imehesabu na bodaboda. Kilomita mbili za mwisho, kwa mujibu wa programu, nilizikimbia kwa mwendo wa kilomita 34 kwa saa, na ikanipa medali yenye radi. Fundi redio akaandika, "Kaka!!!" Muuza mkaa akauliza nakula nini. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni mstaafu wa jeshi na mtu wa mashaka, aliandika neno moja: "Hewa." Sijui alimaanisha hewa ya mlimani au alimaanisha hewa. Sikujibu. Hadi leo sijajibu, na ile medali bado ipo kwenye ukurasa wangu.

Shemeji hakukata tamaa. Akaleta wazo la mwisho, Lushoto hadi Mtae, siku tatu kwa miguu kupitia Rangwi, tunalala njiani. Nikamwambia Mtae nitaipenda sana nikiwa ndani ya basi, kiti cha dirishani, upande wa ukuta.

Siku ya tisa asubuhi nilikuwa nafunga kamba za raba, nikitaka mbio moja fupi ya kuaga, mama mkwe alipotokea jikoni na kiroba. Akakiweka miguuni pangu. "Baba Salma, maadamu unakwenda mbio huko juu, nipelekee hizi kabichi kwa mdogo wangu."

Mdogo wake yupi, sikuuliza. Nilijua. Wala mkwe hakataliwi.

Kabichi nane. Nilijaribu kukibeba kiroba mgongoni, kikagombana na mfuko wa maji. Nikaacha mfuko wa maji. Nikajaribu begani, mwishowe nikapachika kichwani kama wenzangu, mkono mmoja juu. Kukimbia na kabichi nane kichwani haiwezekani, nikatembea. Nikapita kwa yule mama wa ufagio. Akasema habari za asubuhi, akaendelea kufagia. Nikapita kwa mwenye panga, alikuwa ananoa, akainua kidole. Watoto wa shule wakanipa shikamoo, na safari hii nilijibu zote. Neno moja la Kisambaa ninalolijua, "niwedi", yaani sijambo, nililisema mara kumi na moja kwa ukamilifu. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Hakuna aliyesema pole.

Nilikuwa nimekaribia kona ya mwisho mama mmoja aliponisimamisha. Akainua shingo akachungulia ndani ya kiroba.

"Kabichi unauzaje?"

Nilitaka kumwambia siuzi. "Mia nane," nikasema.

"Mia tano."

"Mama, nimetoka nazo mbali."

"Wapi mbali?"

"Hapo tu," nikasema, nikashusha mzigo.

Saa ikalia mkononi: umesimama, je, mazoezi yamekwisha? Nikabonyeza ndiyo, nikamhesabia mbili.